Utafiti Ukizaa Kampuni: Nani Achukue Fungu Gani?



Nimeombwa nizungumzie namna utafiti wa chuo kikuu unavyoweza kugeuzwa kuwa biashara. Mada hii inapendwa siku hizi: kila mpango mkakati wa chuo una ukurasa wake, na kila maonesho ya sayansi yana banda lake. Mimi nitaibana hadi ibaki swali moja. Chuo kikizaa kampuni, nani achukue fungu gani, na fungu hilo liandikwe lini? Jibu langu nalitoa mapema ili mpate muda wa kulipinga: mafungu yaandikwe kabla faida haijaonekana, na chuo kichukue kidogo. Yatakayofuata ni sababu zangu.

Njia mbili, na kwa nini kwetu hubaki moja

Utafiti unapotoa kitu kipya chenye manufaa, iwe dawa, mtambo, mbegu au programu ya kompyuta, chuo kina njia kuu mbili za kukifikisha kwa watu. Ya kwanza ni leseni. Chuo hulinda uvumbuzi kwa hataza, kisha huiruhusu kampuni ambayo tayari ipo iutumie, nayo hulipa mrabaha kwa kila inachouza. Njia ya pili ni kuunda kampuni mpya. Kampuni hiyo hupewa haki ya kutumia uvumbuzi, mtafiti na wanafunzi wake huwa waanzilishi, chuo hupata hisa, na wawekezaji huleta mtaji wakitumaini kwamba hisa zao zitapanda thamani.

Marekani na Ulaya njia ya leseni ni pana kwa sababu zipo kampuni kubwa zenye maabara zao, zenye wataalamu wa kuutathmini uvumbuzi ambao haujakomaa, na zenye fedha za kuukuza kwa miaka mingi kabla ya kuuza chochote. Kwetu kampuni za namna hiyo ni chache. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Mombasa anayeagiza mitambo kutoka nje hana idara ya utafiti. Ukimpelekea hataza atakuuliza, na ana haki ya kuuliza, kitu chenyewe kiko wapi, kinauzwa bei gani, na kikiharibika nani atakitengeneza. Kwa hiyo mara nyingi inatubakia njia ya pili peke yake: mwenye maarifa atoke nayo mwenyewe, aunde kampuni. Hapo swali la mafungu huwa kali, kwa sababu leseni humwacha mtafiti maabarani mwake, lakini kampuni humtaka yeye mzima, na usiku wake pia.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Katika teknolojia methali hiyo haisimami. Kizuri kina watu wanaokibeba, wanaokopa kwa ajili yake, wanaokataliwa ofisi kumi na kurudi ya kumi na moja. Mjadala wa mafungu, kwa hiyo, ni mjadala wa namna ya kuwafanya watu hao wakubali kubeba.

Stanford na daftari lake

Nianze na kisa kinachotajwa kila mahali, maana aghalabu hutajwa nusu. Mwaka 1973 Stanley Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha mbinu ya kukata kipande cha DNA na kukipandikiza ndani ya bakteria. Hawakuwa na wazo la kuomba hataza. Niels Reimers, aliyeanzisha ofisi ya leseni ya Stanford mwaka 1970, alizipata habari hizo kupitia gazeti mwezi Mei 1974, akaanza kumshawishi Cohen. Ombi liliwasilishwa Novemba 1974, siku chache tu kabla ya kutimia mwaka tangu makala ichapishwe. Sheria ya Marekani ilimpa mvumbuzi mwaka mmoja baada ya kuchapisha. Nchi nyingine nyingi hazikumpa nafasi hiyo. Ndiyo maana hataza ile, pamoja na umaarufu wake wote, ilikuwa na nguvu Marekani tu.

Hadi hesabu yake ilipofungwa, iliviingizia vyuo hivyo viwili takriban dola milioni 255. Wengi husimulia hadi hapo. Nusu iliyobaki ndiyo yenye somo. Stanford haikumuuzia mnunuzi mmoja haki zote kwa bei ya juu. Iliweka leseni wazi kwa kila aliyetaka, kuanzia dola 10,000 kwa mwaka pamoja na mrabaha mdogo, na kampuni 468 zikaichukua. Fedha zilitokana na wingi wa waliolipa kidogo. Wakati huohuo, mwaka 1976, Boyer na mwekezaji Robert Swanson waliunda kampuni ya Genentech. Mwaka 1978 kampuni hiyo ilifanikiwa kutumia bakteria kutengeneza insulini ya binadamu.

Miaka ishirini baadaye wanafunzi wawili wa uzamivu wa chuo hichohicho, Larry Page na Sergey Brin, waliunda Google. Hataza ya mbinu yao ya kupanga kurasa za mtandao ilisajiliwa kwa jina la Stanford. Chuo kiliwapa haki ya kuitumia, kikapokea hisa milioni 1.8, sehemu ndogo sana ya kampuni nzima, na kufikia mwaka 2005 kilikuwa kimeziuza kwa dola milioni 336. Sehemu hiyo ndogo ilikipa chuo fedha nyingi kuliko hataza ya DNA.

Tusidanganyike, hata hivyo. Visa hivi ni vya nadra. Ofisi nyingi za vyuo vikuu duniani zinazoshughulikia hataza na leseni hazirudishi hata gharama zao wenyewe, na chuo kinachofungua ofisi ya namna hiyo kikitarajia kuziba pengo la bajeti kitavunjika moyo. Tunachoweza kuiga Stanford ni daftari lake. Kwa miaka mingi kanuni yake ya mapato ya leseni imekuwa rahisi kiasi cha kukaririka: ofisi inakata asilimia 15 kwa ajili ya gharama zake, na kinachobaki hugawanywa mafungu matatu sawa, moja la mvumbuzi, moja la idara yake, moja la kitivo chake. Mhadhiri analijua fungu lake tangu siku anayoajiriwa. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi ikaliandika jambo hili katika sheria ya nchi. Sheria yake ya mwaka 2008 kuhusu miliki ubunifu inayotokana na utafiti wa fedha za umma inaiagiza taasisi impe mvumbuzi si chini ya asilimia 20 ya mapato hadi yafike randi milioni 1, na baada ya hapo si chini ya asilimia 30 ya mapato halisi.

Daftari lisipokuwepo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nitatoa mifano miwili ya methali hii, na yote inahusu ugonjwa mmoja.

Nairobi, katika miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada waliwafuatilia wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono katika eneo la Majengo, Pumwani. Baadhi yao, ingawa walikutana na virusi vya UKIMWI mara nyingi, hawakuambukizwa. Kutokana na kinga yao lilizaliwa wazo la chanjo, na kazi hiyo ikafanywa kwa ushirikiano wa Nairobi na Oxford. Kisha, mnamo mwaka 2000, wanasayansi wa Kenya wakabaini kwamba ombi la hataza lilikuwa limekwisha kuwasilishwa Uingereza bila wao kuhesabiwa miongoni mwa wenye mali. Zogo likaingia magazetini, na hatimaye makubaliano yakarekebishwa ili Nairobi nayo iwe na haki. Chanjo yenyewe haikufaulu katika majaribio. Lakini tujiulize: ingefaulu, na mkataba ukawa bado haujarekebishwa, wale wanawake wa Majengo na wauguzi waliowahudumia kwa miaka wangekuwa wapi katika hesabu?

Msidhani kwamba uzembe huu ni wa vyuo maskini pekee. Mtafiti mmoja wa Stanford alikuwa ametia saini mkataba akiahidi kwamba uvumbuzi wake ataukabidhi kwa chuo. Baadaye akaenda kujifunza mbinu fulani katika maabara ya kampuni ya Cetus, na huko akatia saini karatasi nyingine iliyosema kwamba anaikabidhi kampuni hiyo haki zake papo hapo. Kazi yake ilichangia kipimo cha kujua wingi wa virusi vya UKIMWI mwilini. Haki za Cetus zikaangukia mikononi mwa kampuni ya Roche, chuo kikashtaki, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba chuo hakiwi mwenye mali moja kwa moja eti kwa sababu utafiti uligharimiwa na serikali. Stanford, mwalimu wa wengine wote, ikashindwa kwa sababu ya karatasi ya wageni ambayo mtu huitia saini bila kuisoma.

Mwenye chombo na wavuvi

Katika pwani yetu watu wamekuwa wakigawana mali ya ubia tangu kale. Wavuvi wanapokwenda baharini kwa chombo cha mtu, mapatano hufanywa nchi kavu. Samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa gharama za mafuta na barafu. Kisha kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya watu kwa kadiri ya kazi zao. Mwenye chombo asiyeshika jarife hupata fungu lake, kwa sababu bila chombo hakuna safari. Lakini mwenye chombo anayejitwalia karibu kila kitu atakiona chombo chake kimelala mchangani, na wavuvi wazuri wamehamia kwa jirani.

Chuo ni mwenye chombo: kina maabara, jina, umeme na mishahara. Hilo halina ubishi. Sheria ya Kenya ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, kwa mfano, huanza kwa kumpa mwajiri haki ya uvumbuzi uliofanywa kazini, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Sweden kwa upande wake imeshika kwa miongo mingi kanuni kwamba uvumbuzi wa mhadhiri ni wake mwenyewe. Ujerumani ilikuwa nayo pia, ikaifuta mwaka 2002. Kila nchi imechagua mahali pa kuanzia. Ugumu uko kwenye kiasi.

Uingereza imelipata somo hili kwa taabu. Kwa muda mrefu baadhi ya vyuo vyake vilikuwa vikidai hisa nyingi katika kampuni za watafiti wao, na wawekezaji wakilalamika. Mwaka 2023 tathmini iliyoagizwa na serikali, ikiongozwa na Irene Tracey wa Oxford na mwekezaji Andrew Williamson, ilishauri kwamba katika kampuni za sayansi ya uhai chuo kichukue kati ya asilimia 10 na 25, na katika kampuni za programu za kompyuta asilimia 10 au chini yake. Sababu ni ya hesabu. Kampuni changa hutafuta mtaji mara tatu, nne au zaidi, na kila mara hutoa hisa mpya. Waanzilishi wakianza na nusu, baada ya awamu hizo watabaki na makombo, na mwekezaji makini hataki kuweka fedha zake kwa mtu asiye na sababu ya kuamka alfajiri.

Yaliyotokea kwetu

Arusha iko Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Mhadhiri wake, mhandisi wa kemia Askwar Hilonga, alitengeneza kichujio cha maji kinachounganisha mchanga na chembe ndogo sana za nano, kikiwa na uwezo wa kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Uwezo huo ni muhimu kaskazini mwa Tanzania, ambako maji ya maeneo mengi yana floraidi nyingi inayobadilisha meno ya watoto kuwa ya kahawia. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Lakini tuzo haichuji maji. Kazi hiyo inafanywa kupitia kampuni iliyotokana na taasisi, Gongali Model, yenye jina la kijiji anakotoka Hilonga. Kampuni ndiyo inayotafuta mafundi, inayopanga bei, na inayozungumza na wenye maduka wanaowauzia majirani maji safi kwa ndoo.

Kampala walikwenda njia nyingine. Mwaka 2011 wanafunzi na wahadhiri wa Makerere walizindua gari dogo la umeme, Kiira EV. Mwaka 2016 likaja basi la nguvu za jua, Kayoola, na kazi hiyo ikawa kampuni ya Kiira Motors yenye kiwanda Jinja. Hapa mwenye hisa mkubwa ni Serikali ya Uganda, na Makerere ina sehemu ndogo. Kiwanda cha magari kinadai mtaji ambao hakuna mhadhiri wala mwekezaji wa kawaida wa kwetu angeutoa, kwa hiyo siwalaumu. Naliona, hata hivyo, swali ambalo kampuni ya namna hii italazimika kulijibu: kijana aliyechora gari lile akiwa mwanafunzi ana fungu gani, na akitaka kuondoka ataondoka na nini?

Mwanafunzi ndiye anayesahauliwa zaidi. Yeye si mwajiriwa. Hana mshahara wala mkataba wa kazi, na mara nyingi amejilipia ada mwenyewe. Kumwambia kwamba uvumbuzi wake ni wa chuo kwa sababu tu alitumia maabara ni kumtwalia mali bila mapatano. Na yupo mwingine asiyetajwa kabisa: fundi sanifu wa maabara aliyekesha na mashine hadi ikafanya kazi.

Pingamizi la haki

Wapo wenzetu wanaosema chuo kikuu si soko. Elimu iliyogharimiwa na walipa kodi irudi kwao bure, na mhadhiri mwenye kampuni ataanza kuwatumia wanafunzi kama vibarua na kuficha matokeo yasiyompendeza mwekezaji. Pingamizi hili lina uzito. Hatari anazozitaja mpingaji ni za kweli, nazo zinahitaji kanuni: mhadhiri asimsimamie mwanafunzi anayefanya kazi katika kampuni yake, na maslahi yake yatangazwe kwa maandishi.

Lakini hataza haimlazimishi mtu kuuza ghali. Mwaka 1923 watafiti Banting, Best na Collip waliukabidhi Chuo Kikuu cha Toronto haki zao za insulini kwa dola 1 kila mmoja. Hawakutaka faida. Walitaka asitokee mtu wa kuihodhi dawa ile au kuuza iliyochakachuliwa, na chuo kilipokuwa na hataza mkononi kiliweza kuchagua nani atengeneze na kwa ubora gani. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2020, chanjo ya UVIKO-19 ya Oxford ilipokabidhiwa AstraZeneca, sharti lilikuwa isiuzwe kwa faida wakati wa janga. Wangewezaje kuweka sharti juu ya kitu wasichokimiliki? Anayeacha uvumbuzi wake bila ulinzi hampi mlipa kodi zawadi. Mara nyingi humpa mwenye mtaji wa haraka, na mlipa kodi ataununua kwake.

Mapendekezo

Naiomba Seneti na Baraza la Chuo watazame mambo manne.

Kwanza, kila mradi wa utafiti uanze na ukurasa mmoja wa mapatano, uliotiwa saini na mtafiti mkuu, wanafunzi, mafundi sanifu, washirika wa nje na chuo. Uonyeshe nani ameleta nini na mapato yakija yatagawanywaje. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, ili asitokee wa kusema hakuelewa. Na pale utafiti unapotegemea damu, mbegu au maarifa ya jamii fulani, jamii hiyo iwe na mstari wake.

Pili, kanuni ya mafungu itangazwe, isijadiliwe upya kila mara. Kwa leseni, mvumbuzi apate si chini ya theluthi. Kwa kampuni, hisa za chuo zisizidi moja ya kumi, isipokuwa pale chuo kilipotoa mtaji halisi.

Tatu, tulinde muda. Vyuo vyetu vingi humtaka mwanafunzi wa uzamivu achapishe makala na kutetea tasnifu hadharani, na siku anayochapisha huenda ndiyo siku anayopoteza hataza katika nchi nyingi. Fomu ya uvumbuzi ipite ofisini kabla ya makala kwenda kwa mhariri. Tanzania Bara, wakala uleule unaosajili kampuni, BRELA, ndio unaopokea maombi ya hataza. Kenya kazi hiyo hufanywa na KIPI, taasisi ya mali ya viwanda. Na kupitia ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu lenye makao yake Harare, ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama. Milango ipo. Kinachokosekana ni mtu wa ofisini anayesoma fomu ndani ya wiki mbili badala ya miezi minane.

Nne, chuo kiwe mnunuzi wa kwanza. Tuna mabweni, hospitali za kufundishia, mashamba na majiko. Kampuni changa ikipata oda moja ya kweli, hata ndogo, itakuwa na cha kumwonesha mteja wa pili. Na mhadhiri aliyeunda kampuni apewe likizo ya mwaka mmoja au miwili, na kazi yake ihesabiwe anapoomba kupanda cheo, kama zinavyohesabiwa makala zake.

Mapendekezo ya tatu na ya nne yanahitaji fedha na wataalamu, na najua hali ya bajeti. La pili litazua mabishano barazani, nayo yatachukua muda. La kwanza halina sababu ya kusubiri. Miradi mipya ya mwaka huu wa masomo haijaanza, faida haijaonekana, hakuna anayemwonea mwenzake wivu, na kwa hiyo kila mmoja bado anaweza kutaja fungu la haki la mwenzake bila kuona uchungu. Nafasi hiyo haitarudi baada ya mwekezaji wa kwanza kubisha hodi. Nashauri ukurasa huo uwe umepitishwa kabla ya muhula kuanza.

Sasa nipo tayari kupokea maswali, na hasa mapingamizi.